Bata wa Maporomoko ya Pili

Bata mweusi wa mtoni si mweusi. Watu wanaomwona mara moja, akikata kona ya mto, husema ni mweusi, na wakishasema hivyo hawataki kuambiwa lingine. Ukimkaribia, na si rahisi kumkaribia, utaona ni kahawia iliyoiva sana, kama kahawa iliyokaangwa kupita kiasi. Mgongoni na mkiani ana mabaka meupe, kana kwamba mtu anayepaka ukuta chokaa alikung'uta brashi akipita. Miguu yake ni ya rangi ya chungwa. Kwenye bawa ana utepe wa buluu unaong'aa, wenye ukingo mweupe juu na chini, na utepe huo huuoni vizuri mpaka aruke. Anakaa kwenye mito ya mlimani, ile yenye mawe, kivuli na maji yanayokimbia. Bwawani humpati.

Naanza na maelezo haya kwa sababu nataka ijulikane tangu mwanzo kwamba nilimjua bata huyo vizuri. Nimekuwa mwalimu maisha yangu yote na sipendi jibu la kubahatisha. Nilipoulizwa, sikubahatisha. Ningebahatisha, au ningesema sijui, pengine kaka yangu angetoka msituni akiwa hai.

Ni mambo ya miaka ya Hali ya Hatari, vijana wetu walipoingia msituni kupigana na serikali ya Wazungu, upande wetu wa mlima, pale Embu inapopakana na Meru. Majina ya watu siyataji. Wengine wana wajukuu wanaosalimiana na wajukuu wa wengine kanisani, na mimi sina haja ya kuwaharibia Jumapili yao.

Aliyenifundisha bata huyo ni kaka yangu mwenyewe. Alinizidi miaka minne, na sisi tulikuwa wawili tu kwa mama, baba akiwa amefariki mimi sijajua kutembea. Kabla hajatahiriwa kaka alichunga mbuzi kando ya mto, na mvulana ambaye hajatahiriwa kwetu alikuwa na ruhusa moja ambayo mtu mwingine hakuwa nayo: kula ndege. Mwanamume aliyepita jandoni hakugusa nyama ya ndege yeyote, awe kwale, awe njiwa, hata kuku wa nyumbani. Kilikuwa chakula cha watoto. Mwanamume mzima kuonekana anakula ndege ilikuwa sawa na kuonekana ananyonya. Siku hizi harusi bila kuku si harusi, na nikiwasimulia vijana jambo hili wananitazama kama ninayewatungia hadithi.

Kaka alitega kwa matanzi ya singa za mkia wa ng'ombe. Mahali pake palikuwa chini ya maporomoko ya pili, panapoinamiwa na mikuyu miwili na mizizi yake ikashuka hadi majini. Alinionyesha jinsi bata hao wanavyoishi wawili wawili, dume na jike, na jinsi kila jozi ilivyojigawia kipande cha mto na kukilinda. Jozi yetu ilikuwa na kipande cha kutoka maporomoko ya kwanza hadi ya pili. Mchana walijificha chini ya mizizi. Ukiwashtua waliruka chini chini wakiufuata mto kila kona, hawakatizi juu ya nchi kavu hata kama ni njia fupi. Jike ndiye mwenye sauti. Dume hutoa mluzi dhaifu tu, kama mtu mwenye pumu.

Mara chache sana alimnasa mmoja. Alimchoma juu ya mawe, akanipa bawa, akaniapisha nisimwambie mama kwa kuwa mimi msichana sikustahili hata hilo. Kisha aling'oa manyoya matatu ya ule utepe wa buluu akanipa niweke ndani ya kitabu changu cha hesabu. Siku zote yalikuwa matatu. Sikuwahi kumuuliza kwa nini, na sasa ningependa kujua.

Alipotahiriwa aliyakata matanzi yote akayatupa motoni. Siku moja nilimtania kuhusu wale bata, akatema mate pembeni na kuniambia hayo ni mambo ya watoto. Alikuwa mtu wa kushika neno. Nilimwamini kuhusu jambo hilo kama nilivyoamini kwamba jua litachomoza, na kosa langu lote limesimama juu ya imani hiyo.

Aliingia msituni mwaka ule ambao mimi nilimaliza masomo ya ualimu misheni. Hakuaga. Mama alikuta shuka lake limekunjwa vizuri juu ya kitanda, naye hakuwa mtu wa kukunja shuka. Baada ya hapo tulihamishwa kutoka mashambani, nyumba za zamani zikachomwa, tukapangwa kwa mistari ndani ya kijiji kimoja chenye uzio na lango. Juu ya kijiji, ukingoni mwa msitu, watu walichimbishwa handaki refu lililojaa vijiti vilivyochongwa, ili walio msituni wasishuke kuchukua chakula na walio chini wasipande kuwapelekea. Mama alichimba handaki hilo siku sita kwa wiki, pamoja na wanawake wengine ambao nao watoto wao walikuwa upande wa pili. Mimi nilisamehewa kwa sababu ya ualimu. Tulipewa nyumba ya udongo nyuma ya shule, mimi na yeye, karibu kabisa na handaki.

Mama alikuwa na ombi moja tu, asubuhi na jioni. Hakuomba ushindi wa mtu yeyote. Aliomba kijana wake ashuke kwa miguu yake. Walioruhusiwa kwenda kutafuta kuni walisikia minong'ono kwamba vijana wa kwetu wako juu sana, kwenye mianzi, mahali penye baridi ambako helikopta haioni kitu. Tukafarijika na umbali huo. Usiku wa mvua mama alikuwa akisema, "Huko juu ni barafu," na asubuhi alikwenda kuchimba.

Sasa nimlete yule afisa. Alikuwa kijana, pengine hakunizidi hata miaka mitano, na ndiye aliyesimamia tarafa yetu. Tulimwita Bwana Shauri, kama walivyoitwa wote waliomtangulia. Nilimwogopa kama kila mtu, lakini alikuwa na ugonjwa mmoja ulionichekesha: alipenda ndege. Alikuwa na kitabu chenye picha za rangi, na alitembea na bahasha za kuwekea manyoya aliyookota. Alikuja kukagua shule kila mwezi, na akishahesabu watoto alikaa kwenye kiti changu na kuniuliza habari za ndege. Mara moja alileta unyoya mwekundu akidai ni wa kasuku. Nilimwambia si kasuku, ni shorobo, yule ndege wa msituni ambaye wekundu wake umejificha ndani ya bawa. Alibisha. Mwezi uliofuata alirudi akanipa mkono mbele ya darasa zima, akasema nilikuwa sawa.

Mzungu kunipa mkono na kusema nilikuwa sawa. Naandika hivyo bila kujipamba: nililala na furaha ile siku tatu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nilikuwa na penseli nyekundu, na hakuna kitu duniani nilichokipenda kama kumsahihisha mtu aliyejiona anajua.

Siku ya Alhamisi moja, wakati watoto wamekwenda kupumzika, aliingia akiwa peke yake. Alitoa bahasha akamwaga manyoya juu ya meza yangu, katikati ya madaftari.

"Mwalimu, hii ni ya ndege gani?"

Yalikuwa matatu, yenye utepe wa buluu. Mmoja ulikuwa umegandana na unyoya mdogo wa mgongoni, mweusi-kahawia, wenye baka jeupe. Moyo wangu uliruka kwa furaha. Hiyo ndiyo aibu yangu kubwa kuliko zote: nilifurahi. Nilikumbuka moshi juu ya mawe, mafuta yakinitiririka mkononi, na kitabu changu cha hesabu.

Hakuningoja nijibu. Alifungua kitabu chake akagonga picha kwa kidole. "Mimi nafikiri ni hii. Bata ya mdomo manjano. Yeye nakaa mabwawa ya chini, sivyo? Kule Mbeere. Jumamosi mimi nakwenda na askari, natafuta mabwawa yote."

Nilijua habari za Wazungu na bata. Siku za mapumziko walishuka nyanda za chini na bunduki, wakarudi na ndege wakining'inia kwenye gari. Nikadhani anataka kwenda kuwinda. Neno "askari" lilinipita. Nilifikiri ni wa kumbebea mizigo. Wala sikujiuliza manyoya yametoka wapi, kwa kuwa kila mara yalitoka njiani, chini ya miti. Na hata kama angeniambia yametoka kwa mtu wa msituni, nisingeliamini. Wale walikuwa wanaume waliotahiriwa. Wanaume waliotahiriwa hawali bata. Kwa akili yangu, kati ya manyoya yale na kaka yangu palikuwa na ukuta ambao hakuna mtu wa kwetu angeweza kuupita.

Kwa hiyo nilichokiona mbele yangu kilikuwa jibu lililokosewa tu.

"Siye, Bwana," nikasema.

"Namna gani siye? Tazama, buluu."

"Buluu wanayo wote wawili. Tazama huu mdogo wa mgongoni. Wa mdomo wa manjano unyoya wake una ukingo mweupe, kama gamba la samaki. Hana baka hili. Huyu ni mweusi wa mtoni."

Alipekua kitabu hadi akampata. Alitazama picha, akatazama unyoya, akarudi kwenye picha. Nilimwona anavyokubali kabla hajasema.

"Na hii hapana kaa mabwawa?"

"Hata siku moja. Huyu hakai maji yaliyolala. Anataka mawe na kivuli. Na hahami, Bwana. Jozi moja na kipande chake cha mto, mwaka mpaka mwaka."

"Mto gani?"

Mito iko mingi kwetu, inashuka kutoka mlimani kama vidole vya mkono. Ningesema yoyote. Ningesema wote. Lakini mwalimu akishaanza kufundisha vizuri hupata kama ulevi. Nilimwambia kwamba mito mingine ya karibu imekatwa miti ya kingoni na bata hao wamekimbia, kwamba imebaki jozi moja tu ninayoijua, na kwamba iko chini ya maporomoko ya pili ya mto wetu. Alikunjua ramani juu ya meza. Nilikuwa sijawahi kuona nchi yetu imechorwa hivyo, na nilifurahi kwamba niliisoma haraka. Nilipata mto, nikapata maporomoko ya kwanza, nikateremka hadi ya pili. Penseli nyekundu ilikuwa mkononi mwangu. Niliigusisha pale, na ikaacha nukta.

"Wewe mwalimu mzuri sana," akasema, akakusanya manyoya yake.

Jioni nilimsimulia mama. Alikuwa amerudi kutoka handakini, miguu yake imeshika udongo hadi magotini, anachambua maharagwe. Nilimwambia kwamba Bwana Shauri angezunguka mabwawa ya Mbeere Jumamosi nzima akitafuta bata wa mtoni, kama si mimi kumwokoa. Mama alicheka. Ilikuwa miezi sijamsikia akicheka. "Mzungu na bata wake," akasema kwa lugha yetu, akaendelea na maharagwe, na baada ya muda akacheka tena kidogo.

Siku ya Jumamosi asubuhi, jua likiwa limeshapanda, tulisikia bunduki upande wa mto. Haikuchukua muda mrefu. Wanawake waliokuwa handakini walisimamisha majembe, kila mmoja akiangalia chini, wala si upande wa sauti, kwa sababu homgadi, wale walinzi wa kijiji wenye bunduki na mikuki, walikuwa wakitazama nani anageuza kichwa. Mama alinisimulia hilo baadaye. Mimi nilikuwa nikifua. Nilidhani Bwana Shauri amepata bata wake, na nakumbuka niliwahurumia bata.

Mchana filimbi ililia, tukaamriwa wote kwenda posti, kituo cha homgadi. Tulijua maana yake kwa kuwa ilikuwa imetokea mara mbili kabla. Waliouawa walilazwa kwenye nyasi, na kijiji kizima kilipita mstari mmoja, kila mtu akiulizwa kama anamjua maiti. Ukisema unamjua, ndiye wako, na nyumba yako ndiyo imekuwa ikimlisha. Kwa hiyo hakuna aliyemjua mtu. Kina mama walipita mbele ya watoto waliowazaa wakasema hawawajui.

Walikuwa watatu. Nilikuwa mbele ya mama kwenye mstari. Macho yangu yalifanya yale yaliyozoea kufanya, na sikuweza kuyazuia. Yalianza miguuni. Kovu la panga kwenye ugoko wa kushoto. Kidole cha mwisho kisicho na ukucha. Nywele zilikuwa ndefu, zimesokotana, na uso ulikuwa umekonda mpaka si wa mtu ninayemjua, lakini uso sikuuhitaji. Nilikuwa nimeshamtambua.

Kando yao walikuwa wameweka vitu walivyovikuta: sufuria moja isiyo na mpini, ngozi ya mbuzi, bunduki iliyotengenezwa kwa bomba la maji. Na bata. Alikuwa amenyonyolewa nusu, kifuani hadi kwenye bawa moja, na miguu yake ya rangi ya chungwa imefungwa kwa tanzi la singa.

Nilisimama kuangalia tanzi lile. Kaka yangu, aliyetema mate nilipotaja bata, alikuwa amerudi kuwa mtoto asiyetahiriwa kwa sababu ya njaa, na kwa kuwa alikuwa amerudi utotoni alikuja mahali pa utotoni, chini ya mikuyu miwili, mbali kabisa na mianzi, karibu na kwetu kiasi cha kusikia kengele ya shule. Mimi ndiye niliyeipiga kengele hiyo.

Bwana Shauri alikuwa kwenye meza, ana daftari. Aliponiona alisimama kwa heshima.

"Asante kwa ile bata, Mwalimu," akasema. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anavyoshukuru mtu aliyeonyeshwa njia. Sidhani alikuwa ananikejeli. Nimelifikiria jambo hilo miaka mingi, na bado sidhani. Ingekuwa rahisi kwangu kama angekuwa ananikejeli.

Kisha akauliza, "Wewe najua kila kitu. Hawa, wewe najua?"

"Siwajui," nikasema.

"Hata moja?"

"Hata mmoja."

Akaandika. Ndilo jibu la kwanza nililowahi kutoa nikijua ni la uongo, na lilipokelewa bila swali. Mama alikuwa nyuma yangu hatua mbili. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, lakini bata kwa lugha yetu karibu ni neno hilo hilo, na alikuwa ameshaona yule ndege kwenye nyasi. Aliulizwa kama anamjua yeyote. Alitikisa kichwa, akanipita, akatembea hadi nyumbani kwa mwendo wake wa kila siku. Mchana huo alipika. Maiti walipakiwa kwenye lori kupelekwa Embu, na mpaka leo sijui walizikwa wapi. Niliuliza baada ya uhuru, katika ofisi tatu, na wote walinijibu kwa upole kwamba hakuna karatasi.

Kwetu mtu akifiwa hunyoa kichwa. Tungenyoa, kila mtu angejua maiti ni wa nani. Jumatatu asubuhi, kabla sijaenda darasani, mama alinikalisha kwenye kigoda mbele ya mlango, mahali ambapo kila apitaye angeona, akasema kwa sauti ya kusikika hadi kwa jirani, "Huyu msichana ametuletea chawa kutoka kwa watoto wake wa shule." Akanilowesha kichwa. Sikuwa na chawa. Homgadi mmoja alipita akacheka, akasema mwalimu ana wageni.

Wembe ulipofika nyuma ya sikio nilianza kusema. Nilisema, "Mama, wale bata, mimi ndiye..."

"Usitikise kichwa," akasema. "Nitakukata."

Sikuwa nimekitikisa. Aliendelea kunyoa taratibu, akinishika kidevu kwa mkono wake wa kushoto, na mkono ule haukunibana. Alipomaliza alinipa wembe, akakaa yeye kwenye kigoda. Aliishi miaka thelathini zaidi baada ya siku ile, na hakuna kati yetu aliyerudi kwenye sentensi yangu kuimalizia.

Wiki hiyo chawa waliingia pia katika nyumba nyingine mbili. Nilipita nikawaona kina mama hao, vichwa vyao viking'aa juani, wanachimba. Tuliangaliana na tukajua nani amefiwa. Hawakujua kwamba waliofiwa wote watatu walifiwa kwa nukta moja ya penseli yangu. Mmoja wao alinipa ndizi za kumpelekea mama.

Kama mwezi mmoja baadaye nilijua lililobaki. Homgadi mmoja, ambaye mtoto wake alikuwa darasani mwangu, alikuja kuuliza maendeleo ya mtoto, akapiga soga. Alisema bahati ya siku ile ilianza na mfuko. Mtu alijaribu kuvuka handaki, akashtuliwa, akarudi mbio msituni akauangusha mfuko wake. Ndani hamkuwa na kitu, alisema, hamkuwa na risasi wala barua, ila chumvi kidogo na manyoya matatu yamefungwa vizuri kwenye jani la mgomba.

"Alivukia wapi?" nikauliza.

"Hapa," akaonyesha kwa kidole nje ya dirisha. "Nyuma ya shule."

Nyuma ya shule hapakuwa na kitu isipokuwa nyumba yangu na mama. Nilimwambia mtoto wake ni hodari katika hesabu. Alikuwa mbumbumbu wa hesabu, masikini.

Manyoya ya mfuko nadhani yalikuwa ya kinda lao lililokwisha kukua; yule wa kwenye nyasi, aliyekaribia kuliwa, ndiye dume. Jike alibaki. Kwa miezi alipanda na kushuka kipande chake cha mto akiita, kutoka maporomoko ya kwanza hadi ya pili na kurudi, na wanawake waliokwenda kuteka maji walimsikia. Walianza kusema kuna kitu mtoni. Mama alijaza mtungi wake na kuondoka. Mimi nilikuwa namjua anayeita na sababu ya kuita, nami niliteka maji kama wengine. Baadaye alipata dume mwingine, sauti ikapungua. Nilikasirika. Najua ni upuuzi kumkasirikia bata, lakini nilikasirika.

Yule afisa alihamishwa. Uzio uliondolewa, handaki likafukiwa na mvua, siku hizi kuna chai juu yake. Nilifundisha hadi nikastaafu, sehemu kubwa ya miaka hiyo huku juu na michache Kanyakine. Nilisahihisha madaftari mengi kuliko ninavyoweza kukisia. Nilitumia kalamu ya buluu. Wakaguzi walinilalamikia, nikawaambia nyekundu inaniumiza macho.

Nilirudi kujenga karibu na mto. Watu hudhani ni kwa sababu ya maji. Bata wako bado, vitukuu vya vitukuu vya wale, chini ya mkuyu mmoja uliobaki, na jioni nikikaa kwenye kiti changu jike hupita akiita. Siwezi kusema napenda kumsikia. Siku asipopita silali.

Mwaka jana alikuja msichana mmoja mwanafunzi wa chuo kikuu kule Nchiru, ana darubini shingoni na simu mkononi, viatu vyake vimejaa matope. Nilimpenda mara moja, ana uso wa mtu anayefanya kazi yake ya nyumbani.

"Shosho, shikamoo. Niko na projekti ya chuo ya ndege wa maji. Nimeambiwa wewe ni mwenyeji hapa toka kitambo. Hapa kwa mto huwa kuna bata wa mwitu?"

"Wa namna gani?"

Alinionyesha picha kwenye simu. "Ni kama hawa wa mdomo wa manjano. Nimeona moja hapo chini ikiruka, nikaona tu ile buluu ya bawa. Nafikiri ni hao. Watakuwa wanatoka kwa dam za huko chini, si ndio?"

Mabaka ya mgongoni hakuyaona. Mto wenye mawe ulikuwa unamgurumia miguuni, na yeye ananiambia habari za mabwawa. Nilihisi lile jibu likipanda kooni, zima, pamoja na sababu zake zote, kama lilivyopanda siku ile. Lingemsaidia. Angepata alama nzuri. Hana askari, hana ramani, hana ubaya na mtu, na vita vile viliisha kabla mama yake hajazaliwa.

"Ndio," nikasema. "Wanatoka kwa mabwawa."

Wakati huo jike akapita chini ya matawi ya mkuyu, akaita mara tatu. Msichana akainua kichwa. "Na hiyo ni nini, shosho?"

"Chura," nikamwambia.

Akaandika. Nilisoma juu ya bega lake alichoandika, kila neno, nikamwacha aende nalo hivyo hivyo.